Taa za Kamyo ya Papa

Juzi kijana wa jirani aliingiza gari lake uani kwetu, akafungua taa za mbele na kuanza kubadilisha balbu. Alikuwa amenunua zile nyeupe kali ambazo siku hizi kila mtu anazitaka, na alizishika kama mtu aliyeshika mayai. Alipoziwasha mara ya kwanza, vumbi lililokuwa juu ya kioo likaanza kuungua, na harufu yake ikanifikia pale nilipokuwa nachambua maharage. "Maman, na hizi, usiku inakuwa muchana," aliniambia kwa furaha. Nilimjibu kwamba ni nzuri sana, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokikuta. Kwa umri wangu mtu hachoshwi na kazi peke yake. Hata harufu inachosha.

Harufu ile ni ya utoto wangu. Ni vumbi la barabara ya Kamanyola lililopikwa juu ya kioo cha taa, likachanganyika na mazutu ya injini na ndagala, dagaa wakavu wa ziwani. Papa alikuwa dereva wa kamyo, kama tunavyoyaita malori sisi wa Bukavu, na tuliishi Bagira, katika zile nyumba zilizopangwa mistari mistari juu ya kilima, zote sura moja, hata mlevi akikosea mlango watu hawakumlaumu. Wa rika langu mtaikumbuka miaka ile ya Zaïre, tulipokuwa tunaimba mbele ya bendera kabla ya kuingia darasani, na kila mtu mzima akiitwa citoyen, yaani mwananchi, hata yule asiyekuwa na suruali ya pili. Kamyo haikuwa ya Papa. Ilikuwa ya tajiri mmoja mwenye duka kubwa mjini, ambaye sisi watoto tulimjua kwa tumbo lake na kwa abacost yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, iliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Lakini Papa aliiendesha tangu ikiwa mpya, na sisi tulisema "kamyo yetu" bila haya.

Mchana aliteremka bondeni mpaka Uvira na chumvi, sabuni na kreti za bia. Usiku alipanda na mchele na ndagala, kwa sababu tajiri alitaka samaki wawe sokoni jua likichomoza. Na kati ya bonde na mji kuna mlima wa Ngomo. Barabara pale ilikuwa imechongwa ubavuni mwa mlima, nyembamba, ya udongo. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hewa tupu, na huko chini kabisa mto Ruzizi. Kila familia ya dereva pale Bagira ilikuwa na mtu wake aliyebaki Ngomo. Maman hakulitaja jina la mlima ule ndani ya nyumba. Alisema tu "pale pahali", kisha akabadilisha maneno.

Sijui mambo yalianza lini hasa. Ninachokumbuka ni Papa akilalamika juu ya taa za mbele, ambazo sisi tuliziita fare. Alirudi asubuhi amechoka, macho mekundu, akakaa kizingitini kuvua viatu na kusema, "Hii fare iko nakufa. Iko natoa mwanga ya mushumaa." Konvwayeri wake, yaani msaidizi wake wa njiani, mwanaume mzima mwenye masharubu aliyeitwa Safari, alikuwa akisimama uani na mfuko wake wa ndagala, zawadi yetu ya kila safari. Siku moja alimjibu, "Lakini Papa, mie minaona njia muzuri tu." Papa akamkata: "Wewe hauendeshake." Safari akanyamaza, maana alikuwa mtu wa heshima, na Papa ndiye aliyemtoa kijijini akamfundisha kazi.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nyanya yangu kule Walungu alikuwa na ukungu mweupe machoni, na nilipochungulia kioo cha fare ya kushoto nikauona ukungu uleule. Basi nikajua: kamyo yetu inazeeka, na uzee wake umeanzia machoni. Nilianza kuiombea kila jioni pamoja na wagonjwa wa parokia. Wakati huohuo, siku asizosafiri, Papa alikuwa akirudi nyumbani jua limezama anapiga teke beseni la maji mlangoni, anafoka, "Nani aliweka hii kitu hapa?" ilhali beseni lilikuwa pale miaka yote. Alikuwa pia na tabia ya kusimama kizingitini, mkono ukutani, mpaka Maman awashe taa. Nilidhani ni ukubwa. Nilidhani baba wote husubiri kuwashiwa taa kama wakubwa wanaosubiri kufunguliwa mlango. Mtoto haoni ugonjwa kwa baba yake. Anaona tabia.

Dawa ya kwanza ya fare ilikuwa karatasi za fedha. Ndani ya taa, lile bakuli linalorudisha mwanga lilikuwa limeliwa na kutu, na bakuli jipya halikupatikana mjini. Papa akatutuma sisi watoto wa mstari wetu tuokote pakiti za sigara, tutoe zile karatasi zinazong'aa. Tuliokota mbele ya baa, mbele ya kanisa, hata kwenye mazishi. Nilizinyoosha kwa ukucha juu ya goti mpaka zikawa laini kama kioo, Papa akazibandika moja moja ndani ya fare kwa gundi ya viatu. Tuliziwasha jioni ile tukapiga makofi. Safari iliyofuata alirudi na uso uleule wa mtu aliyekesha kwenye matanga, akasema, "Bado."

Ndipo alipomwita Fundi Birindwa. Huyu alijifunza umeme wa magari Bujumbura na hakukubali mtu yeyote asahau jambo hilo. Alitembea na bisibisi nyuma ya sikio na alizungumza na injini kwa Kifaransa. Aliizunguka kamyo, akatema mate, akatoa hukumu: waya ni nyembamba mno, umeme unafika kwenye taa umeshachoka. Akavuta waya mpya, nene, moja kwa moja kutoka kwenye betri. Halafu akatuambia habari za taa za iode, ambazo Wazungu wanazitia kwenye magari ya mashindano. Papa akaziagiza Bujumbura kwa mkono wa dereva mwenzake, na mbili nyingine kubwa za kufunga kwenye bamba la mbele, zile za kurusha mwanga mbali. Mwaka ule hatukupata viatu vya shule. Maman alisema neno moja tu, "Sawa," na wanaojua mama zetu wanajua neno hilo lina uzito gani.

Balbu zile hazikutakiwa kuguswa kwa vidole. Birindwa alieleza kwamba mafuta ya ngozi yakibaki juu ya kioo, joto litakipasua. Akaomba kitambaa safi, na kitambaa safi kuliko vyote nyumbani kilikuwa kile cheupe ambacho Maman alijifunga kichwani siku za komunyo. Akakitoa. Kilirudi kikiwa na alama ya grisi katikati, na Jumapili nyingi nilikuwa nikiitazama ile alama kichwani mwa mama yangu wakati wa misa, nikijisikia fahari. Nilidhani ni medali yetu.

Ikabaki kazi ya kuzilenga. Chini ya mtaa wetu kulikuwa na ukuta mrefu wa depo ya zamani, na Birindwa alitaka kamyo isimame mbele yake jioni, achore mstari wa makaa ukutani, kisha ashushe fare mpaka mwanga uishie chini ya mstari. Lakini ilikuwa Jumapili na kamyo ilikuwa tupu. "Tukilenga tupu, tunajidanganya," alisema. "Kamyo ikibeba muzigo, matako inashuka, fare inaangalia ndege mu miti." Papa akakuna kichwa. Mzigo utatoka wapi Jumapili? Birindwa akawatazama watu waliokuwa wamekuja kushangaa, maana Bagira hata kuku akifungwa mguu watu wanakuja kushangaa, akasema, "Batu njo muzigo. Mupande!"

Walipanda. Walipanda kwaya ya wamama na vitenge vyao vya misa, wakapanda wachezaji wa mpira, wazee, wanaonyonyesha, watoto mpaka juu ya ubao. Springi zikalia, matako ya kamyo yakashuka kama Birindwa alivyosema, na mama mmoja mnene akapokewa kwa vifijo kwamba yeye ni magunia mawili ya mchele. Kwaya ikaanza kuimba. Fare zikawashwa, na nusu ya chini ya ukuta ikawa nyeupe hata mijusi ikakimbia. Sijawahi kuona tena mtaa mzima ukifurahi kwa jambo la mtu mmoja namna ile, na nasema hivi nikiwa nimeona mengi. Papa alikuwa amesimama karibu na ukuta ili aangalie. "Mwanga inafika mu alama?" Birindwa alimuuliza kutoka kwenye kamyo. Papa akautazama ukuta, akasogea, akasogea tena. Mstari ulikuwa juu kidogo ya mwanga, kwenye kivuli, na sisi sote tuliokuwa juu tuliuona. "Alama iko wapi?" Papa akauliza. Watu wakaangua kicheko, wakidhani anamtania Birindwa na mchoro wake uliopinda. Papa naye akacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka nikashikwa na kwikwi.

Wakati huohuo ikaja habari kwamba mkubwa fulani kutoka Kinshasa atapita barabara ya bonde. Mtakumbuka ilivyokuwa. Watu walitolewa mashambani kwa salongo, ile kazi ya lazima isiyo na malipo, wakafukia mashimo, wakafyeka majani, na Ngomo yote, kona baada ya kona, wakayapaka chokaa mawe ya ukingoni. Sisi hatukuona uhusiano wowote kati ya chokaa ile na fare zetu. Tulichoona ni Papa akirudi asubuhi na uso mpya. Aliruka kutoka kwenye kamyo kama kijana, akamshika Maman kiuno mbele ya watu, akasema, "Naona! Mama Bahati, naona njia yote, mpaka juu!" Kiangazi chote kile alikuwa mtu wa kuimba. Alimsifu Birindwa kila mahali, na madereva wengine wakaanza kuokoteza pesa za taa za iode. Mimi nilishukuru kimyakimya, nikijua kwamba zaidi ya yote ni sala zangu.

Likizo ile nilipelekwa Kamanyola kwa shangazi yangu, dada yake Papa, na mwisho wa likizo Papa akanipitia akitoka Uvira. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshapiga siku kadhaa. Safari alifika akitetemeka kwa malaria, midomo imepauka, shangazi akamlaza kwenye mkeka na kumkataza kuondoka. "Na wewe ulale, kaka," alimwambia Papa. "Mutapanda asubuhi." Papa alitazama mawingu, akatazama magunia. "Ndagala iko naloa," alisema. "Patron hatanisikia. Na fare iko muzuri." Kwa hiyo tukaondoka wawili, mimi nimekaa mahali pa Safari, miguu haifiki chini, nikijiona mke wa gavana.

Tulipoanza kupanda Ngomo jua lilikuwa limekwisha. Papa akawasha fare zote, na mbele yetu dunia ikawa nyeupe: udongo, mwamba, nyasi zenye maji. Mimi niliona kila kitu. Lakini yeye alianza kuendesha taratibu, kisha taratibu zaidi, shingo mbele, kifua karibu kigusane na usukani. Baadaye akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maman yangu, leo wewe njo konvwayeri. Uniambie njia." Aliniita maman kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nilifurahi sana. Nilidhani ananipima, kama mwalimu anavyokupima kwa kitu anachokijua tayari. Nikakaa wima, nikaanza kumsomea barabara: hapa iko shimo mukono ya kushoto, Papa; hapa njia inakata kuume; hapa iko jiwe. Kila nilichosema alikifanya, na nilipochelewa aliuliza, "Na sasa?" Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, ingawa mvua ilikuwa imeleta baridi.

Kwenye kona moja nilikuwa nikitazama wadudu waliokuwa wakicheza kwenye mwanga, nikachelewa. Nilipotazama mbele sikuona udongo tena. Mwanga wetu mrefu, ule wa Bujumbura, ulikuwa unakwenda moja kwa moja hewani, haugusi kitu. "Papa, simama!" nilipiga kelele. "Njia iko kuume!" Akakanyaga breki, magunia yakagonga ukuta wa nyuma, injini ikazima.  Nikasikia maji chini, mbali. Papa hakuondoa mikono kwenye usukani. Akauliza, "Mawe iko wapi?"

"Mawe gani, Papa?"

"Ya pembeni. Mawe ya mweupe."

Nikainuka juu ya kiti nikachungulia. "Mawe iko, Papa. Iko hapa karibu na tairi. Lakini haiko mweupe. Chokaa imetoka."

Chokaa ya salongo haipakwi ili idumu. Inapakwa ili mkubwa apite. Papa aliniangalia, na katika mwanga mdogo wa dashibodi niliona uso wake umelegea, kama mtu aliyeambiwa kitu alichokijua. Alisema tu, "Kumbe ni chokaa." Sikuelewa, na sikuuliza. Akarudisha kamyo nyuma kidogo kidogo, nami nikimwelekeza kichwa nje ya dirisha, tukaendelea kupanda hivyo mpaka juu, yeye na usukani, mimi na macho. Tulipofika kwenye vijiji vya juu alisimamisha kamyo, akalaza paji la uso juu ya mikono yake. "Ulifanya kazi, maman yangu," alisema. Nilingoja aniambie nimepata alama ngapi, lakini alikuwa amesinzia, au alijifanya amesinzia. Tulilala pale mpaka asubuhi, na ndagala wakafika sokoni jua liko juu.

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu mwenye kuumbua nilikuwa mimi, kwa majivuno. Kesho yake Maman alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, nami nikimzunguka na kumsimulia jinsi nilivyofaulu: jinsi nilivyojua kona zote, jinsi Papa alivyonitii, jinsi nilivyosimamisha kamyo nzima kwa neno langu. Mchi ukasimama hewani.

"Ulikuwa unamuambia kushoto na kuume?"

"Ndiyo, Maman. Njia yote."

"Na yeye alikuwa anauliza?"

"Alikuwa anauliza kila saa. Ananipima."

Akauweka mchi chini polepole. Akakaa juu ya kinu kilichojaa sombe, jambo ambalo kwetu mwanamke hafanyi, na akakaa pale muda mrefu akitazama beseni la maji mlangoni. Sijui alikuwa anahesabu nini. Nadhani alikuwa anazirudisha jioni zote, moja baada ya nyingine, na kuziona upya. Papa alipoamka, Maman alimpa chakula na hakumwambia kitu. Nilidhani habari yangu haikumpendeza, nikaumia moyoni.

Siku ya safari iliyofuata Maman alinivua sare ya shule, akanivisha gauni, akanishika mkono tukashuka mpaka depo ya tajiri. Kamyo ilikuwa imeshapakiwa. Safari, aliyekuwa amerudi na nguvu zake nusu, alikuwa anafunga kamba za turubai. Maman hakumsalimu mtu. Alipanda kwenye kabini, akanipakata, akaweka mfuko wake miguuni. Papa alikuja na funguo mkononi akatukuta tumekaa.

"Mama Bahati, munaenda wapi?"

"Uvira."

"Kufanya nini?"

"Kurudi. Kushuka muchana haina shida. Mie nataka kupanda na wewe usiku."

"Na huyu mutoto je? Na shule?"

"Tunaenda naye," Maman alisema. Hakupandisha sauti. "Yeye njo anajuaka njia."

Papa alishika mlango wa kabini.  Safari aliacha kamba, akatazama chini, na hapo hata mimi nikaelewa kwamba yeye alijua. Kwamba usiku mwingi, pale nilipokaa mimi, alikuwa amekaa yeye akisoma barabara, na kufika asubuhi akasema tu kwamba safari ilikuwa njema. "Shuka, tafazali," Papa alisema. "Batu banatuangalia." Maman akajibu, "Baangalie. Kama unaona njia, washa kamyo twende. Kama hauone, uniambie leo, nikiwa hai." Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. 

Tajiri akatoka dukani, abacost yake imefungwa mpaka juu. "Citoyen, juu ya nini kamyo ingali hapa?" Papa alizunguka mbele ya kamyo, akasimama kati ya fare zile zilizomla pesa na moyo. Akaweka mkono juu ya moja. Nilidhani atasema kuna waya uliokatika, na ninaamini yeye mwenyewe alikuwa analitafuta hilo neno la kuponea. Halafu akachoka. Niliona kwa macho yangu mtu akichoka, mabega yakishuka kama kamyo inayopokea mzigo.

"Patron, fare haina kosa," alisema. "Ni macho yangu. Jua ikizama, sionake."

"Tangu lini?"

"Siku mingi. Niliwazaka ni fare."

Tajiri hakufoka, na labda ingekuwa rahisi kama angefoka. Alimtazama Papa, akamtazama mwanamke aliyekaa kabini na mtoto, akauliza kama Safari ana permis ya kuendesha. Safari alisema anayo. Lakini alipoambiwa apokee funguo kutoka mikononi mwa tajiri, alikataa. Alirudi nyuma akasema atazipokea kwa Papa. Kwa hiyo Papa mwenyewe alimpa. "Fare iko muzuri," alimwambia. "Ikiungua balbu, usiguse ya mupya na mukono. Utafute kitambaa." Safari alipanda akilia waziwazi, mwanaume mwenye masharubu, akaondoka na kamyo yetu.

Papa hakutaka majirani wamuone akirudi kwa miguu mchana. Alikaa juu ya magunia kwenye kivuli cha depo, Maman pembeni yake, siku nzima, wakigawana mkate. Alingoja jua lizame, na kumbe giza lilelile la kumficha ndilo lililomfunga macho. Tulipoanza kupanda Bagira alijikwaa, akajikwaa tena. Mara ya tatu Maman akafungua ncha ya kitenge chake, akampa mkononi bila kugeuka. Akaishika. Tukaenda hivyo, Maman mbele, Papa nyuma yake, na mimi nikiomba tusikutane na mtu.

Tulikutana na Papa Nabintu, jirani mwenye mdomo kuliko wote, amekaa barazani na redio yake. "Ee, Papa Bahati!" aliita. "Leo munatembea na miguu? Na juu ya nini unashika bibi nguo kama mutoto?" Nilitamani ardhi inimeze. Papa akasimama. Aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka, akakosea kidogo, akawa anazungumza na mlango. "Ndugu yangu," alisema, "mangaribi ikifika, mie sionake." Papa Nabintu alizima redio. Nilisikia kandambili zake zikishuka ngazi, kisha akamshika Papa mkono wa pili. "Basi twende," alisema. Alitufikisha mpaka mlangoni akizungumza habari za bei ya unga, na hakuingia.

Papa alilala kabla ya chakula. Miaka yote ile, usiku alipokuwa njiani, Maman alikuwa analala amevaa, upande wa dirisha, akisikiliza kamyo zinazopanda kilima na kuzitambua kwa sauti. Asubuhi niliamka jua limeshaingia ndani, nikashangaa kwamba hakuna aliyeniamsha kwa shule. Nilimkuta Papa uani, amechuchumaa mbele ya mbabula, anapepea makaa ya chai. Nikataka kwenda kumwita Maman. Akanishika mkono.

"Muache alale," alisema. "Alisafiri sana."